Prosesa ya mupya ikitoka: mbio, moto na bei vipimwe pamoja

Kila mara kampuni kubwa inapotoa prosesa ya mupya ya ordinatere ya meza, habari inafika Bukavu, Goma, Butembo na Bunia siku ile ile. Picha zinapita kwa WhatsApp, grafiki zenye mistari mirefu zinaonyesha kwamba hii imeshinda ile, na wauzishaji wanaanza kuulizwa itafika lini. Lakini mbele ya kuuliza itafika lini, kuko maswali matatu ambayo mwenye kulipa feza yake anapaswa kujiuliza: ile kazi yake itaenda mbio kiasi gani, prosesa itakula wati ngapi, na masini nzima itagarimu feza ngapi.

Kwa mutu anayeishi fasi umeme haukatike, swali la pili ni dogo. Kwa mwenye sekretariati pibliki anayefanya kazi na batri na plake za jua, ao mwenye studio anayewasha jenereta kila jioni, ni swali la kula ao kulala njaa. Wati inayotoka bure ni esanse inayotoka bure. Na hapo ndipo matangazo ya siku ya kwanza yanadanganya watu, hata kama hayasemi uongo: yanaonyesha mbio peke yake.

Mufano mumoja unasaidia kuelewa mambo yote matatu. Ni prosesa za AMD zinazoitwa Ryzen 7000, zilizoingia kwa soko tarehe 27 Septemba 2022, na wadogo wao waliofuata mwezi wa kwanza mwaka 2023.

Sababu gani prosesa inatoa moto

Prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya masini kinachofanya hesabu zote. Ndani yake kuko swichi ndogo sana, mamiliari nyingi, zinazofunguka na kufunga. Hesabu ya kufunguka na kufunga kwa sekunde moja ndiyo watu wanaita gigaherzi. Gigaherzi 5 ni mara miliari 5 kwa sekunde.

Kila swichi ikifunguka ao ikifunga inakula umeme kidogo. Ule umeme haupotei: wote unageuka kuwa moto. Kwa hiyo prosesa inayokula wati 100 inatoa moto wa wati 100, sawa na rezisho ndogo. Hakuna prosesa yenye inakula mingi na kutoa moto kidogo.

Jambo ambalo wengi hawajui ni hili: mbio na moto havipande pamoja kwa kipimo kimoja. Ili swichi ziende mbio kupita, inaomba pia kuongeza volti. Na umeme unaoliwa unapanda kufuatana na volti mara volti, kisha mara gigaherzi. Kama mutu anaongeza gigaherzi kwa asilimia 10, na ili masini isikwame analazimika kuongeza volti pia kwa asilimia 10, umeme unaoliwa unapanda kwa karibu asilimia 33. Analipa mara tatu juu ya kile anachopata.

Ni kama motokari kwa barabara ya kupanda mulima. Mwendo wa polepole unakula esanse ya kawaida. Ukitaka kuongeza mwendo kidogo tu ili ufike wa kwanza, mguu unafika chini kabisa, na tanki inaisha mbele ya kufika juu.

Tarehe 27 Septemba 2022

Siku hiyo AMD, kampuni ya Marekani ambayo prosesa zake zinatengenezwa Taiwan, ilianza kuuzisha prosesa nne. Ryzen 5 7600X yenye viini 6 ilikuwa dola 299. Ryzen 7 7700X yenye viini 8 ilikuwa dola 399. Ryzen 9 7900X yenye viini 12 ilikuwa dola 549. Na ile mukubwa wao, Ryzen 9 7950X yenye viini 16, ilikuwa dola 699. Kiini ni kama mutumishi mumoja ndani ya prosesa: viini 8 vinaweza kufanya kazi nane kwa wakati mumoja, kama programu inajua kuzigawanya.

Kwa upande wa mbio, hakukuwa na mabishano makubwa. Ile 7950X ilifika mpaka gigaherzi 5,7. Kwa montaje ya video na kazi zingine nzito, iliacha mbali prosesa za AMD zilizotangulia. Wapimaji wa Ulaya na Marekani waliisifu.

Lakini mambo mawili yalishangaza watu. La kwanza ni umeme. Kwa karatasi, 7950X iliandikwa wati 170, lakini iliruhusiwa kula mpaka wati 230 wakati wa kazi nzito. 7600X na 7700X ziliandikwa wati 105, na ziliruhusiwa kufika mpaka 142. Hii inafundisha jambo: hesabu ya wati iliyoandikwa kwa karto haiko kila mara ile ambayo prosesa inakula ikisukumwa mpaka mwisho.

La pili ni joto. Wakati wa kazi ya viini vyote, zile prosesa kubwa zilipanda mpaka digri 95 na kubaki pale pale, hata kwa watu waliotia vitu vya garama vya kupoza. AMD ilieleza kwamba haiko hitilafu: prosesa imetengenezwa ili ikimbie mpaka ifikie digri 95, kisha ijishikilie pale yenyewe. Ikipata kupozwa zaidi, haishuke digri, inaongeza mbio. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini kwa mnunuzi yanaonyesha kwamba prosesa ilitoka ikiwa imesukumwa karibu na mpaka wake tangu kiwandani.

Wiki chache kisha, tarehe 20 Oktoba 2022, mushindani wake Intel akatoa Core i9-13900K kwa dola 589, iliyoruhusiwa kula mpaka wati 253. Kwa hiyo mbio za kushindana zilikuwa za pande mbili, na moto pia.

Digri na wati haviko kitu kimoja

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Mutu anaona digri 95 na kusema: masini hii itachoma nyumba. Mwingine anaona digri 70 na kusema: hii ni baridi, haikule umeme. Wote wawili wanaweza kukosea.

Sindano ikiwekwa kwa muliko wa bugi inakuwa nyekundu, digri zake ziko juu sana, lakini haiwezi kupasha nyumba joto. Mbabula yenye makala inaweza kuwa na digri sawa na ile sindano, lakini watu wote wa nyumba wanaota moto. Digri zinaonyesha moto umebanana kiasi gani fasi moja. Wati zinaonyesha moto wote ni mwingi kiasi gani.

Prosesa za sasa ni ndogo sana, kwa hiyo moto unabanana kwa fasi ndogo na digri zinapanda mbio. Zaidi ya hiyo, kifuniko cha chuma cha Ryzen 7000 kilifanywa kinene ili vipozaji vya zamani viendelee kuenea juu yake, na unene huo ulifanya moto utoke kwa shida. Digri zake za juu zilitokana kwa sehemu na sababu hiyo, si na wati peke yake.

Kwa mwenye kutumikisha masini hapa kwetu, somo ni kwamba vipimo vyote viwili vina kazi yake. Wati ndizo zinazomaliza batri na esanse, na ndizo zinazofanya chumba kidogo kuwa na joto. Digri zinaonyesha kama masini itaendelea kukimbia ao itajipunguza mbio. Prosesa ikifika kwa mpaka wake inapunguza gigaherzi yenyewe ili isiharibike. Kwa hiyo mutu anaweza kulipa prosesa ya mbio nyingi, akaitia ndani ya sanduku lililofungwa na lenye vumbi, na akapata mbio za prosesa ya bei ya chini.

Hali ya hewa nayo inaingia kwa hesabu. Kama kipozaji ni kile kile na kazi ni ile ile, kila digri inayoongezeka kwa hewa ya chumba inaongezeka karibu sawa sawa kwa prosesa. Masini inayofanya kazi muzuri Butembo, kwenye baridi ya milima, itapanda digri nyingi zaidi ikipelekwa Uvira ao Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Vipimo vinavyoonyeshwa kwa video kutoka Ulaya vinafanywa mara mingi ndani ya chumba chenye digri kama 20 hivi. Na vumbi ya Goma wakati wa kiangazi inaziba vantilatere kwa miezi michache tu.

Miezi mitatu na nusu kisha

Tarehe 10 Januari 2023, AMD ikatoa ndugu watatu wa zile prosesa: Ryzen 5 7600 kwa dola 229, Ryzen 7 7700 kwa dola 329, na Ryzen 9 7900 kwa dola 429. Tofauti ya jina ni herufi moja tu, ile X, ambayo imetoka. Viini ni sawa: 6, 8 na 12. Lakini wati zilizoandikwa ni 65, na zilizoruhusiwa wakati wa kazi nzito ni 88. Tena, ndani ya karto kulikuwa na vantilatere yake, kitu ambacho zile za kwanza hazikuwa nacho.

Watu walizipima. Kwa 7600 na 7700, pengo na zile zenye X lilikuwa asilimia chache tu. Kwa kazi za kila siku, mutu hawezi kuliona kwa macho. Kwa 7900 pengo lilikuwa kubwa kidogo kwa kazi inayoamsha viini vyote 12 pamoja, sababu viini vingi vinagawana wati chache. Lakini hata hapo, umeme uliopungua ulikuwa mwingi kupita mbio zilizopungua.

Ile ndiyo maana ya mufano huu wote. Teknolojia ilikuwa moja, viini vilikuwa sawa, kiwanda kilikuwa kimoja. Asilimia chache za mwisho za mbio, zile zilizofanya mustari wa grafiki urefuke siku ya kwanza, ndizo zilizoomba wati 54 zaidi kwa 7700X, dola 70 zaidi, na kununua kipozaji pembeni.

Na yule aliyenunua yenye X hakupoteza vyote. Ndani ya BIOS, ule ukurasa wa mipango unaofunguka mbele ya Windows, kuko sehemu inayoitwa Eco Mode. Fundi anaweza kuchagua wati 65 pale, na prosesa yenye X inakuwa karibu sawa na ndugu yake asiye na X. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Hesabu kwa batri moja

Mufano wa studio ndogo ya montaje utasaidia. Batri moja ya volti 12 na ampere-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Kama ni batri ya asidi, mafundi wanashauri kutumia nusu tu ili isife haraka: wati-saa 600.

Prosesa inayokula wati 142 kwa kazi nzito, pamoja na wati 65 za ekra, memori, diski na vingine, inafanya wati 207. Ile batri haifikishe masaa 3. Prosesa ya wati 88 na vitu vile vile inafanya wati 153. Batri inafika karibu masaa 4. Na hapo umeme unaopotea ndani ya konvertisere haujahesabiwa.

Mutu anaweza kujibu: lakini ile ya mbio inamaliza kazi mapema. Ni kweli, na hesabu ya haki inapaswa kuangalia umeme wa kazi nzima, si wa dakika moja. Video ambayo prosesa ya wati 142 inaimaliza kwa dakika 60 inakula, kwa prosesa peke yake, wati-saa 142. Ile ya wati 88, ikichelewa dakika 4, inakula karibu wati-saa 94. Zile dakika 4 za ziada, ekra na vingine vinakula karibu wati-saa 4. Faida inabaki zaidi ya wati-saa 40 kwa kila video ya saa moja. Kwa video tano, ni zaidi ya wati-saa 200, ni kusema tatu ya moja ya ile batri.

Lakini inapaswa kusema jambo moja wazi: hesabu hii ni ya kazi nzito. Mutu anayepiga masini barua, anayetosha karatasi kwa emprimante ao kujaza formileri, prosesa yake inakaa karibu bila kazi, na inakula wati chache sana kuliko zile zilizoandikwa. Kwa yeye, tofauti kati ya wati 65 na 105 haionekane sana kwa esanse. Yeye anapoteza feza kwa njia nyingine: analipa mbio ambazo hatazitumikisha hata siku moja.

Bei ya prosesa haiko bei ya masini

Siku ile ya Septemba 2022, dola 299 za 7600X zilikuwa mwanzo tu. Prosesa hiyo iliomba karte mama ya mupya, ya aina ya AM5, ile sahani kubwa ambayo vitu vyote vinashikana juu yake. Karte za bei ya katikati zilikuja tu mwezi wa Oktoba. Iliomba pia memori ya aina ya DDR5, ambayo wakati huo ilikuwa bei kupita DDR4. Na kipozaji hakikuwa ndani ya karto. Mwenye kuwa na masini ya zamani hakuweza kuokoa karte mama wala memori yake ya DDR4.

Intel, kwa upande wake, iliruhusu prosesa zake za wakati huo zifanye kazi na memori ya DDR4 na karte mama za mwaka uliotangulia. Kwa hiyo prosesa mbili zilizokaribiana bei zilizaa masini mbili zenye bei tofauti. Grafiki ya mbio haikuonyesha hiyo.

Bei nayo haikukaa. Mbele ya mwisho wa Novemba 2022, miezi miwili tu kisha, 7600X ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 249, na 7950X mpaka karibu dola 574. Aliyengojea wiki nane aliokoa feza ya kununua sehemu ya memori yake. Lakini kungoja hakusaidie kwa kila kitu: mwisho wa mwaka 2025 ni memori ndiyo ilipanda bei sana duniani kote, wakati prosesa nyingi zilikuwa zimeshuka. Ndiyo maana hesabu inapaswa kufanywa kwa masini nzima, siku ile ile ya kununua.

Kwa mutu wa huku Mashariki, bei zile za dola ni za Marekani, bila kodi. Kunaongezeka usafiri, duane, na faida ya muuzishaji. Tena kunaongezeka kitu ambacho hakiandikwe kwa fakitire: garanti. Masini iliyopita Dubai ao Kampala mbele ya kufika Bukavu, kuirudisha ikiharibika kunaweza kugarimu sawa na kununua ingine.

Sababu gani kampuni zinasukuma mpaka mwisho

Jibu ni rahisi: ule mustari wa grafiki ndio unauzisha. Jambo hili si la jana. Mwezi wa Februari 2004, Intel ilitoa Pentium 4 ya aina iliyoitwa Prescott. Ilipita wati 100 kwa zile za mbio zaidi, lakini kwa gigaherzi sawa haikushinda sana ile iliyoitangulia. Mwezi wa Mei mwaka ule ule kampuni ikaacha mupango wa prosesa iliyopaswa kuifuata. Julai 2006 ikatoa Core 2 Duo, yenye gigaherzi chache, wati 65, na mbio kupita. Miaka miwili ya moto iliishia kwa kurudi nyuma.

Karibuni tena, prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuzima ao kukwama bila sababu kwa watu wengi. Mwaka 2024 Intel ilikubali kwamba kulikuwa volti za juu kupita kipimo, ikatoa marekebisho ya BIOS kuanzia mwezi wa Agosti, na ikaongeza miaka miwili kwa garanti. Mwenye kuinunua siku ya kwanza huko kwao alirudisha na kupewa ingine. Mwenye kuinunua kwa mikono mitatu hakuwa na wa kumrudishia.

Na wakati kampuni inapojaribu kupunguza, soko linaiazibu. Tarehe 8 Agosti 2024 AMD ilitoa Ryzen 7 9700X kwa dola 359, yenye wati 65 tu. Wapimaji wengi walisema imeongeza mbio kidogo mno juu ya zile za mbele. Mwezi uliofuata, kampuni ikaruhusu kupitia BIOS ipandishwe mpaka wati 105 bila kupoteza garanti. Moto uliongezeka sana, mbio zikaongezeka kidogo. Hadisi ni ile ile, imegeuzwa tu kichwa chini.

Kusoma herufi mbele ya kulipa

Herufi ndogo kwa mwisho wa jina zinasema mengi kuliko matangazo. Kwa Intel, K inaonyesha prosesa iliyofunguliwa ili kusukumwa, na kwa vizazi vya karibuni wati zake za musingi ni 125. Bila herufi, mara mingi ni wati 65. T ni wati 35: Core i5-8500T, kwa mufano, ina viini 6 na wati 35. F inaonyesha kwamba prosesa haina sehemu ya picha ndani. Bila karte ya video pembeni, ekra itabaki nyeusi. Watu wamerudisha masini kwa muuzishaji wakisema imekufa, kumbe ni F. Kwa AMD, X inaonyesha mbio na moto zaidi.

Sekretariati pibliki, shule ao biro ya shirika haina haja ya prosesa ya mupya kabisa. Masini ya okazyo kutoka Ulaya, yenye Core i5 ya kizazi cha 8 na diski ya SSD, inatosha. Kizazi cha 8 si hesabu ya bahati: Windows 11 inakubali Intel kuanzia kizazi hicho, na Ryzen kuanzia 2000. Windows 10 iliachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Masini ya kizazi cha 4 ao cha 6 inaonekana ya bei ya chini, lakini ulinzi wake unazeeka kila mwezi.

Studio ya montaje ao ya muziki inayoishi kwa batri na jenereta itafute prosesa ya viini 6 ao 8 ya wati 65, na ile feza iliyookolewa iende kwa memori, ondilere na vantilatere nzuri. Mwenye kazi nzito kabisa, inayolipa kwa saa, na umeme usiokatika, yeye anaweza kununua ile kubwa. Kwa yeye mbio zinarudisha feza.

Mbele ya kutoa dola hata moja, mnunuzi anaweza kumwomba fundi awashe masini, aiache ifanye kazi nzito kwa dakika 20, kisha aonyeshe digri na gigaherzi kwa ekra. Kama gigaherzi zinashuka kila dakika, masini inajitetea na moto. Kama kuko kipimo cha wati cha kuchomeka kwa priza, ni vizuri zaidi: kinaonyesha masini nzima inakula nini, na hakuna grafiki inayoweza kubishana nacho. Dakika hizo 20 ni za bure. Batri iliyokufa mbele ya wakati wake, hapana.